Pima Maji na Nyota ya Mashariki

Mtaani walimwita Mzee Pimamaji, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Miaka thelathini na moja ya uashi aliifanya na pima maji moja tu, ya alumini, rangi yake ya njano imebanduka pembeni. Hakumwazima mtu. Na mwanagenzi aliyethubutu kulalamikia mwiko au kamba alijibiwa palepale: mchagua jembe si mkulima.

Miezi minane nyuma, mdogo wake wa tumbo moja, aliyefundishwa na yeye mwenyewe kushika mwiko na ambaye sasa ni msimamizi wa ujenzi, alisimama mbele ya ukuta wa kaka yake akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, kozi za tofali zimeshuka upande wa mlango. Vidole vitatu."

Mzee aliweka pima maji juu ya tofali, na kipovu chake kikatulia katikati, dalili ya ulalo sawa. Akamwambia mdogo wake kwamba yeye alikuwa akinyoosha kuta tangu huyo hajaota meno. Ukuta ukabomolewa, mzee akaacha kazi na kurudi nyumbani, na tangu siku ile hawakusemezana. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini nani angemwambia mzee huyo methali? Alikuwa nazo zote.

Binti yake, mwalimu wa fizikia, alichoka kumwona baba akizunguka sebuleni kukagua pembe za kuta. Akamkabidhi darubini yake ya kupigia picha nyota, pale uani kwenye sakafu ya saruji. Alimweleza kwamba dunia huzunguka, kwa hiyo nyota huonekana kutembea; kichwa kinachobeba darubini kina mota ya kuzifuata, ila mhimili wake lazima uelekee sawasawa na mhimili wa dunia. Ukikosea kidogo, nyota huonekana pichani zikiwa ndefu kama punje za mchele.

Jioni ya kwanza mzee aliusimamisha mhimili wima kama nguzo ya lango, maana kwake kitu kilichoinama kilikuwa kimeharibika. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Picha ilijaa mchele.

Hakukata tamaa, kwa sababu alikuwa na lake moyoni. Akipata picha moja yenye nyota duara, angeituma kwa mdogo wake bila neno. Ajue ni nani asiyejua kunyoosha.

Wiki ya tatu alikuwa ameuzoea mtambo. Alilaza sawa kitako cha mtambo kwa pima maji yake, akainamisha mhimili kwa nyuzi za pembe alizoandikiwa na binti, kisha akachungulia. Sehemu ya mbingu ya kulengea ilifichwa na paa la jirani, kwa hiyo ilibidi aulize nyota zenyewe. Ya juu kichwani ilitulia kwenye msalaba wa kioo. Maana yake uelekeo ulikuwa sawa. Ya mashariki ikatoroka taratibu. Hiyo ilimaanisha mwinuko una kasoro.

Binti alimwambia azungushe skrubu kidogo tu, ainue mpaka nyota itulie, yaishe. Mzee akakataa katakata. Nyuzi ni zilezile na kitako kimelala sawa, kwa nini ainue? Labda nyota ndiyo mbovu.

"Baba," binti akasema, "umejuaje kama kitako kimelala sawa?"

Swali la kitoto. Mzee akaitazama pima maji pale juu ya kitako, kipovu katikati, kimetulia kama mtoto mwema. Kisha akafanya jambo ambalo kila mwanagenzi wake alifundishwa siku ya kwanza, na ambalo yeye mwenyewe hakulifanya kwa miaka: akaigeuza, upande wa kulia ukawa kushoto, maana pima maji nzima husema neno lilelile pande zote.

Kipovu kikakimbilia pembeni.

Aliigeuza tena na tena. Akakumbuka siku ilipomponyoka kutoka juu ya jukwaa, akaipangusa vumbi na kuendelea na kazi. Njia ya mwongo ni fupi, na mwongo huyu wa alumini alikuwa amemtembeza mpaka nje ya kazi yake. Aibu ilimshika.

Alizungusha skrubu. Nyota ya mashariki ikatulia. Picha ilipotoka, kila nyota ilikuwa duara kama punje ya mtama, na binti akapiga makofi. Mzee aliomba aletewe simu yake, na picha hakuituma. Alipiga.

"Mdogo wangu," alisema, "pima maji yangu inadanganya. Kozi zilikuwa zimeshuka."



"Nilipima mara nne, kaka," mdogo wake akasema. "Nilikuwa naomba niwe nimekosea mimi."

Mzee akaketi kwenye sakafu ya uani, akamuuliza kesho wanaanza saa ngapi.