Kisu Nilichompelekea Mzee

Kabla sijahamishiwa Tarime sikuwahi kutembea na kisu mfukoni. Mimi ni afisa mifugo, na kwetu Singida visu vya kazi nilivitunza kwenye begi pamoja na sindano na dawa. Nilipofika huku watu wakanicheka. Mwanamume anaalikwa nyama, nyama inawekwa juu ya majani ya mgomba, kila mmoja anatoa kisu chake, anakikunjua, anajikatia. Mimi nimekaa mikono mitupu, nangoja kukatiwa kama mgonjwa. Safari ya tatu nikaona aibu. Nikapanda pikipiki mpaka Nyansurura, kwa mhunzi niliyeelekezwa.

Mhunzi hakunionyesha visu kwanza. Alinishika kiganja, akakipima kwa vidole vyake, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Niliporudi akanipa kisu cha kukunja, makali yake yametokana na springi ya gari, mpini wa pembe ya ng'ombe uliolainishwa mpaka unateleza. Kilikaa mkononi kama nimezaliwa nacho. Tangu siku hiyo nimekitumia kukata kamba, kwato, miwa, mpira wa tairi, na mara moja kitovu cha ndama. Hapa nilijifunza pia adabu yake: unampa mwenzako kisu kwa upande wa mpini, na hukiachi wazi chini wakati watu wanakula.

Huko Matongo kulikuwa na mfugaji mmoja, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mkarimu, anayependa mazungumzo. Alikuwa na ng'ombe wengi wa kienyeji na mmoja wa kisasa, mweusi mwenye mabaka meupe, ambaye mimi ndiye niliyemshawishi amnunue. Huyo alimpa zizi lake peke yake, lenye sakafu ya saruji. Alikuwa akiishi na baba yake, mzee aliyekaribia miaka themanini, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho.

Siku moja tulipomaliza kuchanja, mfugaji akachinja mbuzi. Wanaume tukakaa, visu vikatoka. Nikamwona mzee akiingiza mkono kwenye mfuko wa koti, kisha akautoa polepole, mtupu. Mwanawe akamkatia. Aliacha mbavu, akaacha paja, akachagua kano na ngozi ya shingoni, akamtupia kiganjani ikiwa bado ya moto. Mzee akatafuna kwa muda mrefu upande wenye meno, akashindwa, akaitema kwa siri na kuificha chini ya kiti chake. Wote tuliona.

"Tafuna, tata," mwanawe akamwambia, akimwita baba kwa Kikurya. "Wewe si ulikuwa na meno?"

Watu wawili wakacheka. Mimi nilikuwa na ubavu mkononi na kisu changu kikali. Niliendelea kujikatia.

Wakati naondoka, mzee alikuwa amesimama karibu na pikipiki yangu. Nikamwamkia shikamoo. Akaniomba kisu changu akishike. Alikikunjua, akapitisha kidole gumba kando ya makali, akakikunja, akasikiliza kinavyofunga. Akasema huyo wa Nyansurura bado anafanya kazi nzuri, na kwamba kisu chake mwenyewe kilitengenezwa na baba wa mhunzi huyo. Alitembea nacho miaka arobaini. Macho yalipoharibika mwanawe alikichukua, akisema atajikata, kisha akampa zawadi mnunuzi wa dhahabu.

"Niletee kimoja, daktari," akasema. "Nijikatie nyama yangu mwenyewe, basi."

Wiki iliyofuata nilimuuliza mwanawe habari ya kisu cha baba yake. Hakukasirika. Alinieleza huku akimwagilia maji sakafu ya ng'ombe wake mweusi. Alipokuwa darasa la sita, alisema, alipenda shule kuliko kitu chochote. Siku moja ng'ombe waliingia kwenye mahindi ya jirani wakati yeye yuko darasani. Baba yake alikuja shuleni, akamwita nje, akamvua sare mbele ya wanafunzi wote, akaikata kwa kisu kile kile vipande virefu vyembamba. Akavisokota kamba. Kamba hiyo ilifunga ndama zizini mpaka ikaoza, na yeye hakurudi shuleni tena.

"Sijawahi kumgusa hata siku moja," akaniambia. "Ninamkatia nyama tu."

Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa bado naona ile kano kiganjani mwa mzee, na aibu yangu mwenyewe ilikuwa inanisumbua kuliko mzee mwenyewe alivyonisumbua. Nikaenda Nyansurura, nikanunua kisu kidogo kuliko changu, nikamkabidhi mzee siku ambayo mwanawe alikuwa ameenda mnadani. Alikinusa. Akakigusisha shavuni. Kisha akakificha ndani ya shati na kunishukuru kwa Kikurya, maneno mengi ambayo sikuyaelewa. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwema.

Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu asubuhi. Nilipofika, ng'ombe mweusi alikuwa amesimama miguu ya nyuma ikitetemeka, sakafu ya saruji imejaa damu iliyochanganyika na maziwa. Chuchu mbili zilikuwa zimekatwa. Hazikuchanwa na waya wala kukanyagwa. Zilikatwa safi, kwa kisu kilichonolewa vizuri.

Mke wa mfugaji alinieleza huku akilia. Ng'ombe yule alikuwa na wasiwasi wakati wa kukamuliwa, alitulia pale tu mzee aliposimama karibu na bega lake, akimkuna shingo. Ikawa ndiyo kazi ya mzee kila asubuhi. Siku hiyo yeye alipopeleka ndoo ndani, mzee aliinama na kupapasa mpaka kwenye kiwele. Ng'ombe hakumpiga teke. Alikuwa ameizoea ile mikono. Ilipokatwa chuchu ya pili ndipo aliporuka.

Nilishona nilichoweza kushona. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake uani, mikono ya shati ina damu, kisu kimekunjwa juu ya goti. Mwanawe alisimama mbele yake. Mimi ndiye niliyeuliza.

"Mzee, kwa nini ng'ombe?"

"Kwa sababu ndiye anayempenda," akajibu kwa utulivu kabisa. "Ningekata nini kingine? Nguo siku hizi anaweza kununua nyingine."

Mwanawe akacheka kidogo, cheko ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mwingine. Nafikiri wakati huo walielewana, wawili wale, kuliko nilivyomwelewa mmoja wao.

Kiwele kilivimba, kikawa cheusi, kikaanza kunuka. Nilikwenda kila siku na sindano. Siku ya sita ng'ombe akafa. Nikakataza nyama isiliwe kwa sababu ya dawa, na majirani waliokuwa wamekuja na visu vyao wakarudi wakinitukana. Tulipomaliza kufukia, mfugaji akaenda kwa baba yake, akachukua kisu, akakileta na kunipa kwa upande wa mpini, kwa adabu zote.

"Hii dawa yako, daktari," akasema. "Ichukue."

Kesho yake alimpandisha baba yake bodaboda na kumpeleka kwa dada yake, binti wa mzee aliyeolewa Nyansurura. Hajaenda kumwona hata mara moja. Mimi ananipokea vizuri, ananipa maziwa ya ng'ombe wa kienyeji, na huwa ananisimulia habari ya ng'ombe mweusi mbele ya wageni, akianzia kwangu.

Mwaka huu nilipita kwa yule dada. Mzee alinitambua kwa sauti. Alikuwa amepungua sana. Tulipomaliza salamu swali lake la kwanza lilikuwa ng'ombe alikufa siku ya ngapi. Nikamwambia ya sita. Alitikisa kichwa, akionekana kuridhika, akamwomba binti yake alete viazi vilivyochemshwa.

Tulipokuwa tunakula akaniuliza kama nimekuja na kisu. Nikasema hapana, siku hizi natembea bila kisu. Akanyoosha mkono, akapapasa koti langu kuanzia kifuani kwenda chini, akakikuta. Alikishika kwa nje ya kitambaa, akapima urefu wake kwa kidole gumba. Nilimshika kifundo cha mkono, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nikauondoa. Alikuwa mwepesi kama kuku.

Binti yake aliona. Akachukua kiazi cha baba yake, akakiponda kwa kijiko, akaanza kumlisha.

Nilimaliza changu, nikaaga.