Harmonika Mbele ya Shimo la Shaba

Leo geti la shule lililowa mvua, likaniachia harufu ya chuma mkononi. Harmonika yangu ilinuka hivyohivyo kule Kilembe, mjomba alipokuwa akitufundisha watoto wa mtaa mbele ya shimo la zamani la kuchimbia shaba, lisiloingiwa na mtu tena. Mimi noti ya mwisho ya wimbo ilinishinda kila siku.

"Ukikosa tena, Jumapili tukipiga kanisani utakaa tu na bibi zako," mwenzangu alinicheka.

Tukapiga wote, nikakosa. Shimo likaturudishia wimbo wetu, lakini noti yangu ya mwisho ilikuwa sawa kabisa.

Nikarudi nyuma. Mjomba akanishika bega. "Mutoto, usikimbie. Huyo wa mu shimo iko nakufundisha. Puliza kama yeye."

Nikapuliza, ikatoka. Wenzangu wakashangilia, na mle shimoni mtu mzima akacheka kwa upole.