Mtoto wa Mti na Nyumba ya Wageni

Kuna saluni Mwembesongo bado wanapaka mafuta ya nyonyo, na kila nikiyanusa mikono yangu huenda kifuani kutafuta fundo la kanga.

Nilipokuwa mdogo, Bibi alikuwa amekubali kumwazimisha mwana hiti wake, yule mtoto wa kuchongwa kwa mti ambaye mwali wa Kiluguru hupewa amlee akiwa ndani. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni kwa kanga kupanda naye mlimani, hadi kwenye nyumba ya mawe ya zamani ya wageni, ambayo mama mwenye nyumba alikuwa akiipamba kwa sanaa za kwetu, naye ndiye aliyemwazima. Sijaona tena uzuri kama ule. Ngoma zilipanda na ngazi, vigoda vya mpingo vilijaa korido, mikeka ya ukindu ilining'inia ukutani ikiwaka rangi, na vyumba vyote vilinukia nta.

Mama mwenye nyumba alituonyesha kabati la kioo sebuleni. "Hapa kila mgeni atamwona."

Bibi alilitazama sana. "Pazuri, mwanangu. Ila huyu hajazoea kulala peke yake."

Niliomba moyoni turudi naye. Yule mama akafungua chumba chake mwenyewe, akamlaza kitandani kwake, upande wa ukutani. Bibi akampa chupa ya nyonyo.

"Mpake kichwani na mgongoni. Asikauke."

"Sawa, mama. Nitampaka."

Wakati wa kushuka Bibi hakuikunja ile kanga. Alinifunga tena mgongoni, tupu, na njia nzima nilikuwa nikilikaza fundo.