Tanzia ya Timu ya Houston

Mimi na mtani wangu hatukuwa na utani mpaka tulipofika Texas. Tumezaliwa wilaya moja, kabila moja, tukasoma chuo kimoja Morogoro, na katika zile timu mbili za Kariakoo wote tulishabikia moja, ileile. Mtu wa namna hiyo utamtania kwa lipi? Ukimcheka kwamba timu yake imefungwa, umejicheka mwenyewe. Ukimcheka chakula cha kwao, ndicho ulichokulia. Kwa hiyo ujana wote tulikuwa marafiki wa kawaida tu, wa kuazimana mashati na kufichana habari za wasichana.

Huku ndiko tulikogawanyika. Yeye alipata kazi Houston, mimi Dallas, na asubuhi moja alinipigia simu kunipa pole. Nikashtuka, nikamuuliza pole ya nini. Akasema, "Jana timu yenu ya besiboli imepigwa na yetu. Nimesikia umelala njaa." Wakati huo sikujua hata mpira wa besiboli una rangi gani. Nikamtukana, nikakata simu, na jioni yake nikawasha televisheni ili nijue nimefungwa na nani.

Tangu siku hiyo tukawa watani. Kwa asiyejua, utani kwetu si mzaha mtupu. Mtani ana haki ya kukusema mbele za watu, nawe huna haki ya kununa. Lakini pia ana kazi. Ukifiwa, watu wote wakiwa wameinamisha vichwa, yeye ndiye anayetakiwa kuchekesha. Atamwigiza marehemu, atawasema wafiwa kwamba wanalia vibaya, atazuia kaburi lisifukiwe mpaka apewe chochote, na watu watacheka huku machozi yanawatoka. Msiba usio na mtani kwetu unaonekana kama haukukamilika.

Mchezo wenyewe, sitasema uongo, mara nyingi unachosha. Mmoja anarusha, mwingine anakosa, wengine wamekaa wanatema maganda ya alizeti. Ila una jambo moja zuri: unachezwa karibu kila siku, kuanzia majira ya machipuko mpaka mwisho wa Septemba. Maana yake ni kwamba kwa miezi sita kulikuwa na mtu anayenipigia simu kila asubuhi, au mimi kumpigia yeye. Naishi Carrollton, pembeni ya Dallas, ghorofa ya pili, chumba kimoja na sebule. Aliyekuwa mke wangu yuko Minnesota. Kijana wetu yuko hukohuko, nikimwandikia Kiswahili ananijibu Kiingereza, sentensi moja, mara nyingine kidole gumba tu. Majirani zangu Wakorea wananiinamishia kichwa kwenye ngazi, nami nawainamishia. Kazini, kwenye maabara ya hospitali, nazungumza zaidi na mashine za kupima damu. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini mzee mzima nimeishika besiboli kama dini, jibu ni hilo.

Ukifika Novemba tulikuwa tunanyamaza. Tutapigiana siku mbili tatu za mwanzo kuzungumzia usajili, nani mkataba wake umeisha, nani atapitiwa na fagio la chuma, kisha kimya mpaka Machi. Hatukuwahi kugombana juu ya hicho kimya wala kukizungumzia. Hakuna mechi, hakuna simu. Nilikuwa naiona baridi ya Dallas kuwa ndefu kuliko inavyostahili, lakini sikuwahi kumwambia.

Msimu uliopita timu yetu ilianza kwa aibu. Mpaka Julai nilikuwa nakula maneno kila asubuhi. Kisha Agosti ikabadilika. Mrushaji mmoja mzee, ambaye magazeti yalishamstaafisha kwa sababu ya kiwiko, akarudi na kuanza kurusha kama amezaliwa upya, na wapigaji nao wakaamka. Ikafika mahali nafasi ya mwisho ya kuingia kwenye mtoano ikabaki ya watu wawili: sisi na Houston. Na ratiba, kana kwamba imeandikwa na mtani, ilituweka tukutane mechi tatu za mwisho, kwetu, kwenye uwanja wa Arlington, jirani na Dallas.

Katika wiki hizo mtani wangu alikuwa amepoa. Nikimpigia anasema, "Mmeshinda, sawa. Hongera." Mtani gani anatoa hongera? Nikadhani ameishiwa, nikafurahi, nikaongeza moto. Siku moja nikiwa kazini nilimpigia, na nikasikia upande wake ule mlio wa mashine ya dripu ikiisha. Mlio huo naujua kama ninavyoujua mlango wangu. Nikadhani unatoka kwetu, kwenye korido, nikaziba sikio la pili ili nimsikie vizuri anavyoungama kwamba timu yao ni mbovu.

Jumapili ya mwisho tulishinda. Tukaingia kwenye mtoano, Houston wakatoka. Jumatatu saa moja asubuhi nikakaa na chai yangu nikaandika tanzia, kwa mtindo ule wa matangazo ya redio tuliyokua tukiyasikiliza. Nilijituma kweli. Niliandika hivi:

"Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha timu ya Houston, kilichotokea jana alasiri baada ya kuugua tangu mwezi wa nane. Marehemu alihudumiwa vizuri lakini hakuwa na nguvu za kupiga. Ameacha mashabiki wengi wasio na kazi. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo. Mipango ya mazishi inafanyika nyumbani kwa mtani wangu, ambapo wali utaliwa na watu wa Dallas."

Nikatuma. Tiki mbili zikawa za bluu palepale. Nikangoja matusi, hayakuja. Nikaenda kazini nikicheka peke yangu kwenye gari.

Saa nne binti yake alinipigia. Nilimjua tangu anabebwa. Alisema, "Anko, Mama amefariki leo alfajiri. Dad said to call you first."

Shemeji alikuwa na saratani ya kongosho. Walikuwa wameijua tangu Juni. Msimu mzima mtani wangu alikuwa ananijibu mambo ya besiboli akiwa kwenye viti vya hospitali, na mimi, mtu wa hospitali, sikumuuliza hata siku moja, "Nyumbani hamjambo?" Tanzia yangu ilimkuta amekaa kando ya kitanda ambacho mwili ulikuwa haujaondolewa. Naandika hivi kwa ufupi kwa sababu sioni njia nyingine ya kuandika.

Niliomba ruhusa nikaondoka mchana huohuo. Njia ya Houston ni ya saa nne, imenyooka, haimpi mtu kitu cha kutazama ila malori. Niliogopa njia nzima. Sikuogopa kwamba atanifukuza; angenifukuza ningejua bado ni wangu. Niliogopa kwamba atanisamehe kwa adabu, kama unavyomsamehe mtu baki aliyekukanyaga kanisani.

Nyumbani kwake kulishajaa. Wanaume walikuwa gereji kwenye viti vya kukunja, wanawake jikoni, Watanzania, Wakenya, Wakongo wa parokia yao. Kila anayeingia anasema pole sana, kila mmoja kwa lafudhi yake, na sauti zote ni za chini. Mtani wangu aliinuka aliponiona. Amekonda. Tukakumbatiana, na akiwa begani kwangu akaniuliza polepole, "Umekuja kama nani?"

Nikasema, "Nimekuja kumzika shemeji."

Akaniachia. "Haya," akasema. "Kaa na wenzako."

Nilikaa na wenzangu. Siku zile zote za msiba nilipanga viti, nilibeba maboksi ya maji, nilichukua watu uwanja wa ndege. Binti aliniambia, "Anko, ume-drive all that way, pumzika kidogo," nikakataa. Nilidhani nikifanya kazi sana ile tanzia itafutika. Ukweli ni kwamba nilijificha nyuma ya viti.

Makaburini jeneza linashushwa na mashine, taratibu, mikanda ya kijani inazunguka. Watu wamesimama kwenye nyasi zilizokatwa vizuri na hakuna anayesema kitu. Mimi nilikuwa na la kusema. Shemeji alikuwa na mwendo wa haraka, miaka yote alimtangulia mumewe hatua kumi na kumwita nyuma bila kugeuka. Kilichotakiwa ni nitoke mbele, nitembee vile, nimwambie mtani wangu, "Umeona? Hata huku kakuacha nyuma." Hiyo ilikuwa kazi yangu na hapakuwa na mwingine wa kuifanya Houston nzima. Mtani wangu aliinua uso akanitazama, ng'ambo ya kaburi, kwa muda mrefu. Niliifikiria ile tanzia. Nikatazama viatu vyangu.

Nilipoaga, alinipa mkono. Akasema, "Asante kwa kuja." Hajawahi kunishukuru kwa lolote tangu chuo.

Wiki hiyohiyo timu yetu ilitolewa raundi ya kwanza, upesi, bila hata kujitetea. Nitasema jambo la aibu: nilifurahi. Nilijiambia, sasa lazima apige. Kwa kipigo kile hakuna mtani duniani angenyamaza. Asubuhi yake niliamka mapema, nikaweka simu mezani mbele ya kikombe, nikangoja mpaka nikachelewa kazini. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu chai ilipoa nikiitazama ile simu, na nikajisikia mpweke kwa namna ambayo sikuijua hata nilipoachwa na mke, maana wakati ule alikuwepo wa kunicheka.

Msimu wa mapumziko ukaanza. Kwenye redio ya gari wachambuzi walikuwa na maswali yao kila jioni. Kocha atabaki? Mrushaji mzee ataongeza mwaka au atapumzisha kiwiko? Nani atasajiliwa kuziba pengo? Nami nikawa na yangu. Atauza ile nyumba? Atamfuata binti yake Atlanta? Nani anampikia? Na akiona jina langu kwenye simu, siku isiyo na mechi, atapokea? Miaka zaidi ya ishirini na sikuwahi kumpigia bila mechi. Mara tatu nilibonyeza namba nikakata kabla haijaita.

Jumamosi moja ya Desemba, mchana, nilikuwa nimesimama dirishani naangalia watu wa chini wakipandisha mti wa Krismasi wa plastiki. Nikapiga bila kujipa nafasi ya kufikiri. Alipokea upesi mno.

"Kuna mechi?" akauliza.

"Hakuna mechi."

Nikasikia kwake hakuna sauti yoyote, si redio wala mtu. Kisha mdomo wangu ukaanza wenyewe.

"Nimesikia unaunguza wali," nikasema, "mpaka majirani wanaita zimamoto."

Nikaendelea.

"Miaka thelathini unaletewa sahani mezani unasema chumvi imezidi. Haya, marehemu kachoka kusikia, kaondoka. Sasa tia mwenyewe, tuone itazidi au itapungua. Na hayo mashati? Nani anakuambia siku hizi kwamba umefunga vifungo upande? Unaenda kazini hivyohivyo, wazungu wanadhani ndiyo vazi letu la asili."

Nikasikia pumzi, kisha kitu kama kikohozi, kisha akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha chuo, cha puani, halafu katikati kikavunjika na akaanza kulia. Kilio cha mwanamume wa miaka sitini hakina adabu, kinatoka kama kinavyotaka. Nilitaka kusema pole. Sikusema. Mtani hanyamazi kwa sababu mfiwa analia, hapo ndipo anapoongeza. Nikamwambia analia vibaya, anamtia aibu shemeji mbele ya wenzake huko alikokwenda. Nikamwigiza shemeji, sauti yake ile ya kukemea, na nilipoisikia inatoka kinywani mwangu nikaanza kulia na mimi. Sijui tulikaa hivyo muda gani.

Alipopata sauti alisema, "Umechelewa sana."

"Najua."

"Nilikungoja pale. Wote walikuwa wananionea huruma. Nilikuwa nakufa kwa huruma za watu."

"Najua, mtani. Niliogopa."

Akavuta makamasi. Hakusema nimekusamehe, na sikumwomba. Kukawa kimya, na kimya cha simu mimi nakijua kinaishia wapi, nikaanza kutafuta neno la kuagia.

"Usikate," akasema.

"Sikati."

"Huna haja ya kuongea. Usikate tu."

Nikasikia anaiweka simu juu ya kitu kigumu. Bomba la maji likafunguliwa, sahani zikaanza kugongana, na akawa anaosha vyombo huku mimi niko hewani. Nikavuta kiti nikakaa, nikamsikiliza anaosha mpaka akamaliza.