Mrija wa Baba

Nikipita Busia karibu na vibanda vya malwa, ile pombe ya wimbi, harufu ya maji moto juu ya chachu hunifanya nivuke barabara.

Nilikuwa mdogo, tumemtembelea baba mkubwa kijijini Petta. Alitutembeza asubuhi nzima: pango walimojificha babu zetu, chemchemi, kisha shamba ambalo yeye na baba walikuwa hawajagawana. Tukala kuku kwa mchuzi wa karanga. Halafu chungu cha malwa kikaletwa.

Kwetu mwenye nyumba hutangulia kunywa, mgeni aone pombe ni salama. Baba mkubwa alimimina maji moto, akamkabidhi baba mrija.

“Kunywa, ndugu yangu.”

“Anza wewe, shemeji,” mama akasema, akijichekesha.

“Leo tumbo inanisumbua.”

Baba aliona haya kumkatalia kaka yake. Akavuta, macho yake kwa mama.

Njiani kurudi, mama alitangulia na mzigo, mimi nimemshika baba mkono. Kila tulipomaliza mlima mama aliuliza bila kugeuka, “Unajisikiaje?”

“Niko sawa,” baba alijibu.

Alipoacha kujibu, nilimjibia mimi.

“Yuko sawa, mama.”