Ofisi ya Wasio na Nyumba

Kwa wasiojua, nieleze taratibu. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu wengi wa Handeni walihamishwa kutoka mashambani mwao wakakusanywa kando ya barabara. Ulishushwa kwenye lori, ukaonyeshwa vijiti vilivyochomekwa ardhini, ukaambiwa hapo ndipo kwako. Jirani yangu, bibi mmoja mjane wa Kizigua, aliacha nyumba nzuri ya udongo upande wa Kwamsisi. Alifika na kinu, mkeka na kuku wake. Nyumba haikuingia kwenye lori.

Mimi nilikuwa nikifundisha kisomo cha watu wazima pale kijijini. Hatukukaa sana likaja shirika la hisani kutoka Korogwe, lililoundwa kumaliza tatizo la watu kukosa makazi mkoani. Walikuwa watu wema, siwaonei, na walipenda sana mikutano.

Sisi tulitaka kuitisha msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima: wanaume wakate miti na fito, wanawake wakande udongo, nyasi zipande juu, bibi aingie ndani kabla ya masika. Mwenyekiti wa shirika akakataa.

"Nyasi ni mambo ya ukoloni. Bibi, wewe utaezekewa bati."

"Lini, mwanangu?"

"Utaratibu unafuatwa."

"Na mvua nayo inaufuata?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akatabasamu kama mtu anayesamehe.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Huwezi kumjengea asiye na nyumba kabla hujapata mahali pa kukaa na kumjadili. Kwa hiyo msaragambo uliitishwa, lakini wa kujenga ofisi. Bibi mwenyewe alibeba maji ya kukandia udongo. Bati zikaja, zikatosha ofisi tu, naye akarudi kwenye kibanda chake cha mabua ya mahindi.

Masika yalipoanza, kibanda kililala chini. Asubuhi wanakamati wa shirika walifika mkutanoni wakakuta uji unachemka katikati ya ofisi na kuku wamepanda juu ya meza.

"Shikamoo, bibi," mwenyekiti alisema mlangoni.

"Marahaba. Vueni viatu, mna matope."

"Bibi, hii ni ofisi ya shirika."

"Shirika la nini vile?"

"La... la watu wasio na nyumba."

"Basi nimefika. Ninyi mna nyumba zenu Korogwe, humu mnatafuta nini?"

Mkutano ulifanyika nje, wakigombania mwavuli wa katibu. Walijadili kumtoa, mpaka mmoja wao akakumbuka kwamba wakimtoa watakuwa wamemfanya mtu akose makazi. Wiki hiyohiyo mkoa ukaarifiwa kuwa nyumba ya kwanza imekamilika, ya bati, na ina mtu ndani. Wageni wakaja kupiga makofi.

Baadaye katibu alikuja kuomba tujenge ofisi nyingine. Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali. Alikuwa na shoga yake, bado yuko kibandani.