Mtafiti alikula ngano ya utafiti wake kwangu Juba, kisha akatuita wezi

Nyinyi vijana mnaosoma humu, hasa mnaosomea kilimo, kaeni vizuri. Wakuu wengine pia, hamjambo.

Naandika mwenyewe, polepole, na haya niliyaona kwa macho yangu. Anayetaka hadithi tamu aende uzi mwingine. Mimi bado nina hasira.

Ilikuwa Juba, miaka ile ya mkataba wa amani, kabla watu hawajapiga kura ya kujitenga. Nilitoka upande wa Moiben, Kenya, kumfuata mwanangu Simiyu, aliyekuwa dereva huko. Tulikaa mtaa wa Juba Na Bari, karibu na mto. Mke wake Keji ni Mbari, kabila la hapo hapo.

Mimi nilikuwa napika chapati soko la Custom. Unga ulitoka Uganda kwa lori. Mvua ikinyesha lori linalala kwenye matope wiki nzima, na unga ukifika una wadudu. Nachekecha, nakasirika, napika.

Siku moja mtu wa boda akaniuliza mbele ya wateja, "Mama, leo chapati iko na nyama?"

Walicheka. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo Simiyu aliposema kuna mtaalamu anatafuta kiwanja karibu na maji ajaribu ngano, nilimwambia anaota. Moiben ngano inalimwa watu wamevaa sweta. Juba hata mbuzi wanatafuta kivuli. Lakini nilikubali apande kwetu, kwa sababu ya ule unga.

Simiyu akaenda semina ya huyo mtaalamu hotelini siku mbili. Akarudi na kofia mpya.

"Wamesema nini?"

"Wamesema tumwagilie maji, Mama."

Siku mbili, neno moja.

Mtaalamu akapanda laini kumi na mbili, kila laini mbegu yake na kibao chenye namba. Maji tuliyateka mtoni mimi na Keji, jerikeni asubuhi, jerikeni jioni, mpaka mabega yakaota sugu. Simiyu alivaa kofia.

Joto likaja. Laini nyingi zilitoa masuke haraka haraka, mabua mafupi, yanafika gotini. Ukibonyeza suke unakuta makapi.

Isipokuwa laini ya saba.

Hiyo ilijaza. Nilibonyeza punje nikasikia inaanza kuwa ngumu chini ya kucha, nikasimama pale jua linanichoma na sijali. Nilipanga kichwani: mwaka huu laini moja, mwakani kiwanja kizima, mwaka wa tatu Custom wanakula chapati ya ngano ya Juba na lori likae kwenye matope yake.

Sasa sikilizeni.

Jumamosi mchana mtaalamu akaja bila kutuma habari. Nyumbani hakuna kitu. Kwa Keji, mgeni kuondoka mdomo mkavu ni aibu ya ukoo mzima. Kwetu pia ni hivyo. Nikamwambia Keji akate ngano changa tuchome, kama tulivyokuwa tukifanya Moiben.

"Laini gani, Mama?"

"Ya saba. Utampa mgeni makapi?"

Ndiyo, ni mimi niliyesema. Siwafichi.

Tukachoma masuke kwenye makaa, tukayasugua viganjani, tukapuliza, tukatia chumvi kidogo. Mgeni akala.

"Mama, hii ni tamu sana! Iko ingine?"

Keji akaenda kukata tena. Akarudi, akaenda tena. Bwana yule alikula kwa mikono miwili.

Halafu akajifuta, akatoa daftari na mizani. "Haya, twende tuone ile laini ya saba. Hiyo ndiyo imenileta."

Alipofika akakuta mabua.

Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Nani ameiba ngano yangu?" Keji akasema, "Malesh, ustaz, malesh," anaomba msamaha. Yule akamgeukia. "Wanawake wa hapa mnajua kula tu!"

Kumwambia Keji hivyo! Keji, ambaye miezi mitatu hakupitisha hata jioni moja bila kwenda mtoni!

Nikamwambia, "Kijana, pangusa chumvi kwenye mdomo kwanza, ndio tuulizane nani amekula."

Majirani walicheka. Yeye hakucheka.

Hapo ndipo ikatoka kwamba kule semina waliambiwa suke hata moja lisiguswe mpaka lipimwe, na punje zake ndizo mbegu ya msimu ujao. Nikamwangalia Simiyu. Akaangalia viatu vyake.

"Nilisahau, Mama."

Mimi nilijua utafiti ni kuona kama inaota na kama inalika. Imeota, imelika. Nani aliniambia kuna mizani? Lakini nimezaliwa kwenye ngano, na nilichoma mbegu kwa mkono wangu. Hilo linaniuma kuliko matusi yake.

Mwisho wa laini yalibaki masuke machache, konzi moja, ambayo Keji aliyaacha kwa sababu punje zake zilikuwa bado maziwa. Bwana akataka kuyang'oa aende nayo kwenye bahasha, mabichi hivyo hivyo, na mbegu mbichi haioti. Nikasimama katikati ya laini. Akaniangalia, akaingia gari.

Baadaye Simiyu alinisomea ripoti ya yule bwana. Laini ya saba "iliharibiwa na wenyeji." Jerikeni hazikutajwa. Chumvi haikutajwa.

Nilichojifunza ni hiki, vijana. Ukipeleka mbegu nyumbani kwa mtu, usiongee na kofia. Mtafute anayebeba maji, kaa naye chini, mwambie yote. Kama nimekosea semeni hapo chini, nitasoma, ila kwa adabu.

Jioni ile ile ya Jumamosi niliwaita wote uani, jua bado lipo. Nikasema: "Kuanzia leo semina anakwenda Keji, na maji anabeba Simiyu. Masuke yale hayaguswi mpaka yakauke yenyewe. Na mgeni akija hapa, hata awe askofu, apewe karanga."